Simu Isiyo na Kitufe cha "Tumesikia"

Mzee aliyeniposea mke alikuwa daktari wa mbuzi. Isiolo nzima ilimwita Daktari, hata wauguzi wa hospitalini, na yeye aliitika bila aibu kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, katika wagonjwa wake wote hakuna aliyewahi kurudi kulalamika. Jina lake nalijua, lakini sikuwahi kulitumia mbele yake wala nyuma yake, na sioni kwa nini nianze leo. Tulikuwa majirani Bulla Pesa, ua kwa ua. Mwarobaini wake ulimwaga majani upande wetu, na mama yangu aliyafagia kila asubuhi huku akimsema kwa sauti ya kumfikia.

Alikuwa mrefu, mwembamba, ameinama kidogo kwenda mbele kwa sababu ya miaka mingi ya kushika wanyama miguu. Alistaafu na koti lake la kazi la kijani na hakulivua. Mfukoni mlikuwa na tasbihi, mswaki wa mti na chaja ya simu, na akitafuta kimoja ilikuwa lazima atoe vyote vitatu, avipange juu ya kitu chochote kilicho karibu, hata kama ni bega lako.

Salamu zake zilikuwa za watu wote, ila za kwake zilikuwa na mkia. Salaam aleikum, habari za nyumbani, nagaa, nagaa, yaani amani kwa Kiborana, mvua je, mama hajambo, halafu anakukazia macho: "Na leo una mpango?"

Watu wa kwetu wakiulizwa swali kama hilo hujibu, "Tuko tu." Ni jibu la heshima na linatosha. Daktari lilimuumiza kama jino. "Tuko tu," angerudia, akitikisa kichwa. "Hata mawe ya Kipsing yako tu."

Ilivyoanza ni hivi. Alipostaafu alipotea kabisa. Asubuhi alikuwa anaamka, anavaa koti, anafika getini, anasimama. Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Daktari, alikuwa akimkuta pale baada ya kufua nguo zote, bado amesimama, akiangalia mbuzi za watu zikipita kwenda jalalani. Binti yao anayefanya kazi Nairobi akamwonea huruma, akamtumia simu kubwa. Mimi ni fundi wa simu, nina kibanda karibu na soko. Mzee akaniletea simu ikiwa ndani ya soksi, akasema, "Kijana, nifundishe huyu mnyama."

Nilimwekea programu mbili. Moja ya kuandika kazi zako, nyingine kalenda. Akaanza na ile ya kazi. Aliandika wiki nzima. Kukaza bawaba. Kumtembelea mgonjwa wa Oldonyiro. Kununua chumvi ya ng'ombe, ingawa ng'ombe hakuwa naye tena. Akarudi kwangu amekunja uso.

"Hii simu imejaa kazi," alisema, "na hakuna kazi imefanyika."

Nikamweleza kwamba orodha inasema nini tu, haisemi lini. Achukue kila kazi aiweke kwenye kalenda, aipe saa yake na muda wake, ndipo siku itajipanga. Alipitisha kidole juu ya ile orodha. Kisha macho yakamtoka.

"Orodha ni boma," alisema polepole. "Kalenda ni krashi."

Krashi ni ule ujia mwembamba wa mbao ambao mifugo hupitishwa mmoja mmoja ili wachanjwe. Daktari aliishi maisha yake yote kwenye mdomo wa krashi, sindano mkononi. Alinishika mkono, akautikisa. "Mbuzi akiwa bomani umemhesabu tu. Hujamchanja. Mpaka apite kwenye krashi. Kwa nini hukuniambia mapema?" Nikaziunganisha zile programu mbili ili kazi ikiandikwa upande mmoja ionekane upande wa pili. Nikaongeza na kitu kidogo nilichodhani ni msaada: kazi isiyokamilika leo inahamia yenyewe kesho, kwenye nafasi ya kwanza iliyo wazi. Hicho kitu kidogo ndicho karibu kinikoseshe mke, lakini nitafika huko.

Basi siku zake zikawa na rangi. Kijani ilikuwa ya Mungu, bluu ya watu, manjano ya mifugo, nyekundu ya Mama Daktari. Usingizi wa mchana uliandikwa "Mkutano," na mtu akigonga mlango wakati huo Mama Daktari alijibu kwa uso mkavu kwamba mzee yuko kwenye mkutano na unaendelea vizuri, unasikika mpaka jikoni. Mama yangu alienda kuomba moto wa jiko akaambiwa kuna nafasi saa kumi. Alichosema mama yangu siwezi kukiandika hapa, na mzee alisikia, kwa sababu moto aliuleta mwenyewe mara hiyo hiyo, na baadaye akauandika kwenye simu kama kazi iliyofanyika, ili siku isikae na tundu.

Lakini usidhani alikuwa mtu wa saa kama wale wa ofisini. Glasi moja ya chai ilimchukua asubuhi nzima. Na mnyama mgonjwa akimwona njiani, siku yote iliharibika. Mbuzi mmoja anayechechemea alitosha. Angepiga magoti pale pale barabarani, pikipiki zinampigia honi, anamfungua mbuzi kwato na kumsemesha Kiborana. Jioni ungemkuta amekaa nje chini ya taa, anasukuma kazi zake kwa kidole kimoja kwenda kesho, na kila moja anaishushia pumzi. Nilimwuliza kwa nini asimwache mbuzi aende zake. Akaniangalia kama mtu asiye na akili. "Mbuzi hana kalenda," alisema.

Kuna jambo moja ambalo lazima ulishike, maana hadithi yote imekaa juu yake. Daktari aliweza kumdanganya mtu yeyote. Kwenye mnada alikuapia kwamba dume unalonunua ni la miaka mitatu huku meno yake yameisha. Alimwambia Mama Daktari kwamba ameshakula dawa za presha. Lakini simu hakuidanganya hata siku moja. Wakati mmoja aliandika "Kutembea mpaka mtoni na kurudi." Akaenda mpaka mtoni, kurudi akapewa lifti na mtu wa miraa. Akakataa kata kata kuweka alama kwamba amemaliza. Usiku huo tulisikia viatu vyake vikizunguka ua, raundi baada ya raundi, na Mama Daktari akiuliza kutoka dirishani kama amerogwa.

"Nusu ya kurudi bado," alimjibu.

Mama Daktari naye hakuwa wa kuchezewa. Binti yao alimwingiza kwenye kalenda ile ile kutoka Nairobi, na siku ya kwanza tu akaweka kitu chake: "Kusafisha tangi," kila Jumamosi, bila mwisho. Mzee akajibu kwa kumtumia mwaliko: "Chai, saa nne." Ukakataliwa. Akaenda jikoni na simu mkononi, na sisi tukiwa uani kwetu tukasikia yote.

"Umenikataa?"

"Nimekukataa. Saa nne niko na chapati."

"Si basi upendekeze saa nyingine."

"Napendekeza ujitilie mwenyewe. Thamosi ile pale."

Alitoka anacheka peke yake. Aliniambia juu ya ukuta kwamba Isiolo nzima mtu anayejibu mwaliko kwa wakati ni mmoja tu, na amemwoa yeye.

Sasa nije kwangu. Darmi nililetewa na kioo kilichopasuka. Alikuwa anasoma chuo hapa mjini, akaja kibandani na simu iliyoanguka ndani ya karai la nguo, na nilichukua muda mrefu kuitengeneza kuliko ilivyohitaji. Kwao ni Rapsu, kule kwa mashamba ya kumwagilia karibu na Kinna. Vitunguu, nyanya, mahindi, mifereji. Tulipokubaliana sisi wawili, ilibaki kupeleka wazee, na Darmi hakunificha kitu.

"Kuna watu wengine pia," alisema. "Wa Garba Tulla, wana lori. Nimesikia watakuja hivi karibuni. Baba yangu ni mpole, hatasema kitu. Neno liko kwa Akko."

Akko ni bibi yake, mama ya babake. Mimi wakati huo sikuwa nimemwona, nilikuwa nimesikia tu watu wakishusha sauti wakimtaja.

"Akko akiona wazee wako hawana adabu," Darmi alisema, "mimi nitaolewa na lori."

Baba yangu alishafariki. Niliyekuwa naye ni Abuya, mjomba wangu, kaka ya mama, mtu mwema ambaye akisimama kuongea mbele ya watu hukumbuka ana kikohozi. Tulihitaji mtu wa maneno. Na nani anajulikana na kila boma kutoka hapa mpaka Rapsu kama si yule aliyewachanjia mifugo? Nikaenda kwa Daktari. Akasikiliza mpaka mwisho, akanishika kichwa, akaniombea dua. Kisha akatoa simu.

"Naweka," alisema.

Ngoja nieleze desturi, kwa wasioijua. Kwetu wazee wakienda kuposa mara ya kwanza hawajibiwi. Wanakaribishwa, wanapewa chai, wanaulizwa mvua, mifugo na wagonjwa wote wanaojulikana. Wanatoa buna, zile punje za kahawa zilizokaangwa kwa samli, na tumbaku ya bibi. Wanasema walichokuja kusema. Kisha wenye nyumba wanajibu neno moja: "Tumesikia." Halikubali wala halikatai. Wazee wanarudi nyumbani, wanakaa wiki kadhaa, hata miezi, ndipo wanaenda tena. Kurudi haraka ni tusi, ni kama unanunua mbuzi na jua linazama. Daktari alijua haya yote. Alikuwa ameyafundisha watu.

Tukaondoka na gari la kuazima, mimi dereva. Kinna tulifikia kwa binamu yake Daktari, na asubuhi nikawapeleka Rapsu. Bwana harusi haingii ndani, kwa hivyo nilibaki kwenye mfereji, nikiangalia maji na kung'oa majani yasiyonihusu. Daktari alikuwa amegawa posa nzima vipande vipande kwenye simu: kusalimia, mvua, mifugo, wagonjwa, buna, kuposa, kupata jibu. Kila kipande na saa yake. Abuya aliniambia baadaye kwamba simu ililia kutangaza mwisho wa mifugo wakati Akko yuko katikati ya habari za ng'ombe wake aliyekufa kwenye kiangazi, na Daktari akaiweka chini ya paja, akaikalia, ikaendelea kulia kutoka huko.

Walipotoka, Abuya alikuwa anatabasamu. "Wamesema tumesikia."

Nikashukuru Mungu. Daktari hakushukuru. Alikuwa amesimama anaangalia kioo cha simu, kidole hewani.

"Hawajajibu," alisema.

"Daktari, hilo ndilo jibu," alisema Abuya.

"Jibu ni ndiyo ama ni hapana. Hapa nimeandika 'Kupata jibu.' Nimepata?" Akanigeukia mimi. "Kijana, wewe ndiye fundi. Kitufe cha tumesikia kiko wapi?"

Nikamwambia hakuna. Kuna cha kumaliza tu, na usipobonyeza, haijaisha.

"Basi haijaisha," alisema, akaingia garini. Kabla hatujafika Kinna simu ikalia. Kazi imehamia kesho, saa tatu asubuhi.

Tulimwomba. Abuya alimwomba kwa jina la baba yake, mimi nikamwomba kwa jina la lori. Nikamwambia ukweli mtupu: ukirudi kesho, Darmi amekwenda. Aliniambia jambo ambalo sikulitegemea. "Mimi Mama wa nyumbani kwangu nilimngoja mwaka mzima," alisema. "Desturi ilisema ngoja, nikangoja. Unajua nilifanya nini huo mwaka? Hakuna. Nilikuwa tuko tu." Akavua viatu, akalala. Mimi sikulala.

Kesho yake saa tatu tulikuwa Rapsu, kwa sababu alisema tusipompeleka atatembea, na tulimjua kwamba angetembea. Sasa elewa: huko, wageni waliokuja jana kwa posa wakirudi leo asubuhi na gari lile lile, sababu ni moja tu. Kuna mtu amekufa. Mama yake Darmi alituona tukiingia, akaweka karai chini, akaanza kulia. Dada yake akaitikia. Majirani wakatoka mashambani na majembe. Mzee mmoja akavua kofia. Daktari kushuka, anakuta watu wote wanalia, na yeye ni mtu wa huruma. Akainua mikono juu, akaomba dua ndefu ya marehemu, watu wote wakaitikia amina. Mimi niliitikia kutoka kwenye mfereji.

Dua ilipokwisha, Akko aliyekuwa amekaa mlangoni akauliza, "Tunamlilia nani?"

Watu wakaangaliana. Daktari naye akawaangalia.

"Mimi nilidhani ni wa kwenu," alisema. "Mimi nimekuja kwa lile jibu la jana."

Abuya anasema Akko alimtazama muda ambao mtu angeweza kukamua mbuzi. Kisha akasema, "Tumesikia." Chai ikaletwa, kwa sababu adabu ni adabu. Simu ikahamisha kesho. Na mimi nikapata ujumbe kutoka kwa Darmi: "Mnafanya nini? Wa lori wanakuja Ijumaa. Mama amevimba macho."

Siku ya tatu Abuya alikataa kushuka. Alijifunika shuka kichwani kwenye kiti cha nyuma, akawa mzigo. Daktari akaenda peke yake, koti la kijani, mgongo umeinama, na Akko akampokea mlangoni na kisu.

"Huku kwetu," alisema, na mimi nikasikia mwenyewe kutoka kwenye mfereji, "mtu anayekuja kila siku saa tatu anaitwa kibarua. Kaa pale na wengine ukate vitunguu."

Akakaa. Wanawake walikuwa wamezunguka lundo la vitunguu, wanakata mikia. Shangazi yake Darmi, mjane mmoja mcheshi, alimsogezea gunia la kukalia na hakumpa nafasi. "Daktari, kitunguu hakiumi. Wacha kukikaba shingo." Mzee alilia machozi mpaka akashindwa kuona, na kila akilia wao walicheka. Katikati ya hayo simu ikalia mfukoni.

"Hicho kitu," Akko alisema, "kinakuita ufanye nini?"

"Ninywe chai ya pili."

"Na usipokunywa?"

"Kitaita tena."

Akko akaacha kitunguu. Akataka kuambiwa yote. Daktari akamweleza boma na krashi, na yeye, mwanamke aliyefuga, akaelewa mara moja kuliko mimi ninavyoelewa. Akamwambia aandike: kufungia kuku. Daktari akaandika, akairuhusu simu iseme kwa sauti. "Kufungia kuku," ikasema ile sauti ya simu, na mtoto wake Akko, mwanamume mzima, yaani baba mkwe wangu mtarajiwa, akanyanyuka kutoka upande wa pili wa shamba akaenda kufungia kuku saa tano asubuhi.

"Kinasema mara ngapi?" Akko aliuliza.

"Mpaka ufanye."

"Hakichoki?"

"Hakichoki, Akko."

"Mimi nimechoka," alisema. Kisha akampa kazi nyingine za kuandika, nyingi, zote za watoto wake. Jioni alipoaga, alimwambia, "Tumesikia," na simu ikahamisha.

Siku iliyofuata ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa nimeshakata tamaa, nasema kweli. Nilikuwa nimejiandaa kuwaangalia wale wa lori wakipita barabarani kesho yake. Lakini saa tatu Akko alituma niitwe. "Mwenye kazi aje naye, nimwone." Nikaingia, nikakaa karibu na mlango, macho chini. Abuya alikuwa anatafuna buna kwa woga. Darmi alikuwa nyuma ya pazia. Niliona vidole vya miguu yake.

Akko hakuuliza mvua. Alielekeza kidole kwenye simu. "Kazi ikiisha, hicho kitu kinafanyaje?"

"Kinapiga kengele ndogo," alisema Daktari, "na ile kazi inachorwa mstari."

"Nataka kuisikia. Bonyeza."

"Nibonyeze ipi?"

"Hiyo iliyokuleta."

"Hiyo haiwezekani," alisema Daktari. "Haijakamilika."

Abuya akaacha kutafuna.

"Nimesema bonyeza," alisema Akko.

"Akko, mimi nakuheshimu," alisema Daktari, akaweka mkono kifuani. "Lakini nimeandika 'Kupata jibu,' na jibu sijapata. Nikibonyeza nitakuwa nimedanganya."

"Wewe unaambiwa bonyeza."

"Hata ukiniambia mara mia. Watu nadanganya, Mungu anisamehe. Simu siidanganyi."

Baba yake Darmi alijifunika uso kwa mikono. Nyuma ya pazia mtu alikuwa anajibana pua asicheke au asilie, sikujua lipi. Mimi nilitamani kumrukia yule mzee, nimshike koo kwa upendo, nibonyeze na pua yake. Abuya, mtu ambaye hajawahi kumgusa hata paka, alinyoosha mguu akampiga teke.

"Umenipigia nini?" Daktari aliuliza.

"Bonyeza, Daktari," alisema Abuya, bila kukohoa.

Akamtazama Abuya. Akamtazama Akko, ambaye alikuwa anaangalia juu kwenye paa kama mtu asiyehusika. Akanitazama mimi. Ilimfika polepole sana, kutoka miguuni kuja juu, na ilipofika machoni yalijaa maji, na siku hiyo hapakuwa na kitunguu. Akabonyeza. Ting.

"Ndiyo hiyo tu?" alisema Akko. "Nilidhani ni kubwa."

Wale wa lori walikuja Ijumaa, na wazee wao walikuwa watu wa heshima kupita kiasi. Waliambiwa tumesikia, wakaaga vizuri, wakarudi Garba Tulla kungoja. Waliporudi tena, Darmi alikuwa ananifokea Isiolo kwa sababu ya viatu vyangu mlangoni.

Miaka imepita tangu hapo. Tuna watoto. Akko bado yupo, amezeeka zaidi ya uzee, na ana simu. Mama Daktari ndiye aliyetutangulia, kwa ugonjwa mfupi, na mtaa ulinyamaza kwa muda mrefu upande ule wa ukuta. Ile kazi yake ya Jumamosi hakuna aliyeifuta. Simu hulia, "Kusafisha tangi," na mzee huvua koti, hupanda ngazi, husafisha tangi ambalo ni safi. Mama yangu siku hizi hufagia majani ya mwarobaini kimya. Nilimpenda yule mama, na nampenda huyu mzee, na sijui kwa nini watu husubiri mazishi ndipo waseme maneno kama hayo.

Mwezi uliopita alikuja kibandani. Alikaa kwenye benchi la wateja, akatoa tasbihi, mswaki na chaja, akavipanga juu ya kaunta yangu. Alingoja mpaka mteja wa mwisho akaondoka.

"Kuna kazi iko bomani siku nyingi," alisema. "Nataka kuipitisha kwenye krashi."

"Kazi gani, Daktari?"

"Yule shangazi wa Rapsu. Wa vitunguu." Alisema akiangalia barabara. "Nyumba imekuwa kimya sana. Naongea na simu, na yenyewe inajibu kazi tu. Nataka unipelekee maneno kwa Akko."

Mimi ni mkwe wa nyumba ile. Mbele ya Akko mimi hunywa chai macho chini na kusema ndiyo. Leo nikasimame nimwombee mzee mwenye koti la kijani mke, kwa bibi aliyempa kisu? Na binti yake wa Nairobi atasemaje? Na mtaa? Nikafanya walivyofanya wazee wangu wote walipokuwa hawajui la kufanya.

"Nimesikia, Daktari," nilisema.

Alitikisa kichwa kwa adabu, akakusanya vitu vyake, akaenda. Jioni nilimwambia Darmi. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akapangusa macho na upindo wa leso, akasema shangazi yake kila akipiga simu huuliza habari za yule kibarua.

Asubuhi nilipofika kufungua kibanda, alikuwa ameshafika. Amesimama mbele ya mlango, koti limefuliwa na kupigwa pasi, simu mkononi, mgongo umeinama. Mnara wa msikiti ulikuwa nyuma yake na mbuzi wawili wa mtu walikuwa wanamnusa viatu, wala hakuwaangalia. Ilikuwa saa tatu.

"Haijakamilika," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Niliweka funguo chini.

"Bonyeza, Daktari," nilimwambia, na alibonyeza kabla sijamaliza kumwita.